Tulivyojipanga Tuonekane Wengi

Mwezi uliopita nilipanda helikopta, rafiki yangu, na nafasi hiyo niliipata kwa sababu mama mkwe wa mtu aliogopa. Siku hizi niko Mombasa. Nakata nyasi na kufagia kwenye kiwanja kidogo ambako watalii hupandishwa angani wakatazame mji, kisiwa na bahari. Si kazi mbaya. Nimefanya mbaya kuliko hiyo. Asubuhi hiyo walikuja mume na mke kutoka Nairobi pamoja na mama yake yule mke, amevaa kofia kama anaenda kanisani. Panga la juu lilipoanza kuzunguka, yule mama alirudi nyuma, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema hiyo kitu haingii hata wambebe na kitanda. Mkwe akambembeleza. Binti akambembeleza. Yeye akafungua mkoba, akaanza kula njugu.

Rubani alinitazama nikiwa nimesimama na fyekeo mkononi. Kwa miezi nimekuwa nikimsumbua kwa maswali: hiki kinafanya nini, na hiki kikikatika, na ukipiga chafya je.

"Panda wewe," akaniambia. "Pengine leo utaacha kuniuliza."

Basi nikapanda. Walinivisha vile vitu vya masikioni, ardhi ikaachana na miguu yetu, na mji wote ukajikunjua. Niliona daraja la Nyali, na magari juu yake hayana haraka tena. Niliona makontena bandarini yamepangwa kama miche ya sabuni dukani, na mstari mweupe ambapo mawimbi yanavunjika mbali na ufuo. Wenzangu walikuwa wakipiga picha upande wa bahari. Mimi niligeukia upande mwingine, kwenye ule mkono wa maji unaoingia nyuma ya mji, kwa sababu kulikuwa na mikoko pale. Kutoka juu mikoko ilikuwa kijani kizito, imelala sawasawa, kama mtu ameweka ufito juu yake na kukata kila kilichochomoza. Nilikuwa nimeiona rangi hiyo na usawa huo kila siku ya utoto wangu, ila sikuwahi kuuona kutoka juu.

Nililelewa katika kambi ya wachumaji chai, upande wa Kericho, si mbali na Kiptere. Kambi tuliiita laini, kwa sababu nyumba zilisimama kwa mistari: chumba kimoja, jiko dogo nyuma, kuta nyeupe, mabati juu. Mama alikuja pale akiwa msichana kutoka upande wa ziwa, akachuma chai kabla sijazaliwa na baada ya mimi kuzaliwa, na kama unataka kujua rangi ya vidole vyake, vilikuwa vyeusi kwa utomvu hata Jumapili. Asubuhi kipande cha chuma cha reli kilipigwa kwa nyundo, na kabla mlio haujaisha ungesikia milango, ndoo, viatu vya mpira, wanawake wakiitana kwenye ukungu bila kuonana. Mama alibeba kikapu mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni, na ufito wake mrefu mkononi. Ufito huo aliulaza juu ya michai. Kilichosimama juu ya ufito ndicho cha kuchuma, kilicho chini kilingoja siku nyingine. Ndiyo maana shamba lilikuwa tambarare kama meza. Wageni hudhani chai inajiotea hivyo. Ni mikono ya watu iliyoilaza.

Mchana mvua ilikuja, kwa kawaida tukiwa tunatoka shuleni. Wakati mwingine ilikuja na mawe ya barafu, nasi tuliyaokota tukayala. Kiwandani majani yaliyokuwa yakikaushwa yalitoa harufu tamu, nzito kidogo, harufu ambayo sijaikuta popote tena, na nimetafuta, maana nimezunguka. Nyumbani mvua ilikuwa na maana nyingine. Bati letu lilikuwa limetoboka juu ya kitanda. Sufuria moja ilikaa kitandani msimu wote wa mvua, na mama na mimi tulilala tukiizunguka kama paka wawili.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyevuka mto kila asubuhi kutoka mashamba madogo ya wenyeji kutuletea maziwa. Watoto wote wa laini tulimwita kogo, jinsi Wakipsigis wanavyoita nyanya yao, hata sisi ambao nyanya zetu walikuwa mbali ziwani. Ukiwa mgonjwa alikuletea mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, yenye weusi kidogo na uchachu unaopanda puani. Mama alimlipa kwa omena wa kukaanga. Kogo alifunika pua akisema samaki gani hii inakuangalia na macho yote, kisha akawafunga kwa karatasi vizuri sana. Alisema ni wa paka. Mama alisema paka wa kogo lazima awe mkubwa kama ndama.

Sasa nikueleze kuhusu helikopta ya kwanza.

Nilikuwa darasa la sita. Nyapara wetu, mtu mpole aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka, alikuja bombani jioni wanawake wakichota maji, akatangaza kwamba wenye shamba wanakuja kutoka mbali kuliangalia kwa chopa. Watapita juu ya chai na juu ya laini. Usiku ule hakuna aliyezungumza habari nyingine. Mtu akiwa juu, anaona nini kwanza? Paa. Na mapaa yetu yalikuwa kutu tupu. Baadhi walisema tupande tuyasugue ili tusiaibike. Mama alikataa. Alisema kutu ikae pale pale, waione, watuletee mabati mapya. Ubishi ulikuwa mkali hadi nyapara akaamua kutu ibaki lakini nyasi zifyekwe na mawe ya njiani yapakwe chokaa.

Kogo peke yake hakufurahi. "Mtu anataka kukuona, si aingie kwa mlango?" alisema. "Mimi nikikuja na maziwa, si napitia kwa mlango?"

Kisha nyapara akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la heshima. Kule kwetu watu wakijitokeza wengi ni sifa: kwenye harusi, kwenye mazishi, kwenye kupalilia shamba la mjane. Boma lenye watu wengi ni boma lenye nguvu. Akataka wenye shamba waone nguvu. Aliita waliokuwa likizo, akaita mwanamke aliyejifungua juzi, akaita wasichana waliomaliza shule na hawakuwa wameajiriwa, akawaazima vikapu na aproni kutoka stoo. Hata kogo alivishwa aproni, iliyomfikia kwenye vifundo vya miguu, akasimamishwa karibu na mama. Watoto tuliambiwa tukae uwanja wa mpira, tusikanyage chai, maana mtoto akionekana ndani ya chai ni shida.

"Mjaze shamba," nyapara alisema, akipita kati ya mistari kama mwalimu wa kwaya. "Msikae pamoja pamoja. Leo nataka tuonekane wengi."

Mama alifunga kichwani kitambaa chake chekundu, kile cha Krismasi. Wenzake walimcheka. Mmoja akamuuliza kama anaolewa na rubani, na mahari italetwa na ndege au na ng'ombe. Mama alicheka pia, lakini hakukivua. Alisema wakikosa kuliona paa lake, angalau wamwone yeye.

Ilikuja ikitokea upande wa msitu, kwanza mlio, halafu nukta, halafu upepo. Sijasahau jinsi chai ilivyolala, mawimbi mawimbi, na vikapu vikaviringika na aproni zikapanda kichwani. Kogo alishika kitambaa cha mama ili kisiruke. Sisi watoto tulikimbia chini yake tukiwa tumeinua mikono, tukipunga mpaka mabega yakauma, na mtu mmoja mwenye miwani myeusi alitupungia. Nakuambia alitupungia. Ilizunguka, ikapita juu ya laini, ikazunguka tena juu ya watu waliojaza shamba, kisha ikashuka kwenye nyumba ya meneja. Wakanywa chai, wakaondoka.

Jioni mama alikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Alinikaangia yai. Aliondoa sufuria kitandani, ingawa ilikuwa bado msimu wa mvua, akaipeleka jikoni.

"Unafikiri walituona?" akaniuliza.

"Walituona," nikamjibu. Mimi nilikuwa nimepungiwa mkono. Nilikuwa na ushahidi.

Mabati hayakuja. Mvua ilirudi na sufuria ikarudi. Halafu siku moja, tukiwa darasani, tulisikia ule mlio. Darasa zima lilitoka mbio, mwalimu akitufuata na chaki mkononi, tukasimama uwanjani na nyuso zetu juu, tukizungusha shingo. Anga lilikuwa tupu. Mlio ulikuwa haupiti, ulikuwa umekaa mahali pamoja, ukinguruma, na kwa muda mrefu tuliendelea kutazama mawinguni kabla mmoja wetu hajainamisha kichwa. Ulikuwa unatoka ndani ya chai. Wanaume wawili walikuwa wameshika mashine, mmoja huku, mmoja kule, gunia likivimba nyuma yake, na mahali walipopita pamelala sawa kama meza, bila ufito.

Mwalimu alituambia turudi darasani. Alikuwa mke wa mtu wa kiwandani na nadhani alielewa kabla yetu. Siku hiyo hakutufundisha kitu, alituacha tuchore.

Nyapara alipita mlango hadi mlango, akiwaambia wachumaji kazi imeisha. Nyumba ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo kazi ikiisha na nyumba imeisha, hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote, ila kwa kuwa kazi haikuwahi kuisha hatukuwa tumeliwaza jambo hilo. Kwetu alikuja jioni, koti la mvua mkononi badala ya mwilini. Alisema wale wageni walirudi kwao wakiulizana watu wote wale ni wa nini. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti.

"Mama, mimi niliwapanga vizuri," akasema.

"Ulitupanga vizuri," mama akamwambia. "Hata mimi niliona."

Yeye mwenyewe aliondolewa mwaka huohuo. Mashine hazihitaji mtu wa kuziambia zisikae pamoja.

Kogo alituchukua. Alikuja na mjukuu wake na mkokoteni, akabeba kitanda chetu kuvuka mto, akatupa jiko lake la nje tulale. Tulikaa pale msimu mzima, mama akichumia majirani chai yao ya mistari michache, na kogo akala omena waziwazi, mbele ya watu, hakumtaja paka tena. Baadaye mama alipata kibanda sokoni Ndanai. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikapakia mahindi kwenye malori ya Mulot, nikafuata ng'ombe, nikafuata lori moja hadi lingine, nami mpaka leo sijui nilichokuwa nafuata. Kila niliporudi mama alinipikia, na kila mara, tukishamaliza habari zote, alirudia swali lake kana kwamba anauliza kuhusu mvua: hivi, wale watu, unafikiri walituona? Nikasema ndiyo. Alikufa mwaka jana akiwa bado anauliza. Tulimzika kwao, ziwani, na kogo hakuwepo kwa sababu kogo alitangulia.

Juu ya Mombasa, rubani aliinamisha helikopta ili tuone kivuko cha Likoni. Kilikuwa kimefika, na watu walikuwa wakimwagika kutoka ndani yake, wakipanda mlima kwa wingi usioisha. Mume wa Nairobi alisogeza simu yake pembeni ili aone vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amenigawia njugu za mama mkwe wake.

"Watu ni wengi hivi," alisema kwenye kile kipaza sauti, "wote wanafanya kazi gani?"

Nilitazama chini nikijaribu kuona uso mmoja tu, na sikuuona. Tukapita juu ya mapaa ya mji wa kale, na kwenye paa moja mtu alikuwa akianika nguo. Nguo moja ilikuwa nyekundu. Niliiona wazi, rafiki yangu, ikaniingia machoni kutoka mbali kuliko chochote kingine pale chini. Aliyeianika sikujua ni mwanamke au mwanamume, ni mzee au kijana, alikuwa kivuli tu kando ya rangi. Niliinua mkono nikampungia.

"Hakuoni huyo," rubani akasema.

Mwaka jana, baada ya maziko ya mama, nilipitia Kiptere, nikaenda hadi ilipokuwa laini. Wamepanda mikaratusi. Miti imekuwa mirefu, na chini yake kuna simenti ya bomba peke yake, na jiwe moja la njiani ambalo bado lina chokaa upande uliogeukia ardhini. Chai imelala vizuri pande zote, tambarare kuliko zamani, na hakuna mtu ndani yake. Nilisimama nikasikiliza kama nitasikia wanawake wakiitana kwenye ukungu. Ukungu ulikuwepo.

Tuliposhuka, mama mkwe aliuliza kama huko juu kuna cha maana. Binti yake akamwonyesha picha. Mimi nilirudi kwenye nyasi zangu, na siku hiyo rubani alishangaa kwamba kweli sikumuuliza kitu. Nilikuwa nimepata jibu, ila mwenye swali hayupo. Kitambaa kilionekana, mama. Kitambaa walikiona.