Jina kwenye Mchoro wa Karurumo

Kwao Manyatta walimwita Ednah Wanjira "mtu wa maua". Baba yake alimsomesha usanifu wa mandhari kwa pesa za kahawa, halafu majirani wakauliza kama binti alikwenda chuo kikuu kujifunza kupalilia. Ednah alichoka kueleza kwamba kazi yake ni kuamua maji ya mvua yapite wapi mjini, na mama mwenye mzigo apite njia gani bila kuteleza. Mimi nilikaa naye meza moja katika ofisi ya Kithinji, mjini Embu, kwa hiyo haya niliyaona.

Alikuwa bado hajasajiliwa kuwa msanifu. Alihitaji kazi moja kubwa yenye jina lake, na kazi hiyo ilikuwa bustani ya umma ya Karurumo. Kithinji, bosi wetu, alimwahidi kwa kinywa chake.

Rasimu ya kwanza Ednah aliichora kwa kutumia picha za droni. Njia ilinyooka kutoka sokoni hadi mtoni, ikakata safu ya miti. Kisha akaenda kuikagua kwa miguu, akakuta miti ile ni mikungugu, na viazi vikuu vimeiparamia. Mtu wa Embu akiona hivyo haulizi zaidi. Huo ni mpaka wa shamba, na kuung'oa ni kumwambia jirani kwamba umeanza kumlia ardhi yake. Ednah akachora upya, njia ikapinda kando ya miti.

Aliporudi ofisini alikuta rasimu ya zamani imechapishwa, kubwa kama shuka, imetundikwa ukutani. Chini imeandikwa: Msanifu, Kithinji.

"Bosi, si hii ni kazi yangu?"

"Ni ya ofisi," Kithinji akasema, macho kwenye simu. "Wewe ni assistant tu. Na hiyo site naijua."

Mwongo! Hakuwahi kuikanyaga. Ednah alifungua mdomo amwambie habari ya mikungugu, kisha akaufunga. Mchoro mpya akaukunja, akautia mkobani. Jumamosi alipanda boda hadi kwa mzee Gachoki, mwenye shamba lile, akamwambia aje kwenye kikao cha maoni ya wananchi na akae mbele kabisa.

Siku ya kikao ukumbi wa kanisa ulijaa. Kithinji, katika suti mpya, alieleza bustani "niliyoichora mimi mwenyewe", mimi hivi, mimi vile, mpaka tukachoka. Gachoki akasimama.

"Kijana, hapo kwa hiyo line kuna mikungugu yangu. Ni wewe umechora itolewe?"

Kithinji akacheka. Akasema ni miti ya kawaida tu, itapandwa mingine. Hapo ukumbi ukalipuka. Watu walisimama, mama mmoja akamwita mwizi wa mashamba, na jasho likaanza kumtiririka shingoni. Akatazama huku na huku, akamwona Ednah.

"Si mimi! Ni huyu Wanjira alichora! Yote ni yeye, mimi niliweka jina tu!"

Nilitaka kupiga makofi, na sioni aibu kusema hivyo. Ednah aliinuka taratibu.

"Sijasikia vizuri, bosi. Rudia kwa maikrofoni, karani aandike."

Akarudia. Angefanya nini?

"Ni kweli, nilichora mimi," Ednah akawaambia watu, "na hapo nilikosea. Ndiyo maana nilirudi kwa miguu." Akatandaza mchoro wa mkobani. Gachoki akaufuata mpaka wake kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali.

Bustani ilijengwa, na Ednah akasajiliwa. Kithinji alituma ujumbe akiomba angalau jina lake liwe la pili kwenye kibao cha langoni. Hakujibiwa. Lakini ukiingia leo katika ofisi ya Ednah, utaiona ile rasimu ya zamani ndani ya fremu nzuri, na jina la Kithinji chini yake. Mteja akiuliza huyo ni nani, Ednah humvutia kiti na kumsimulia yote.