Rejeta nene niliyoipigania wiki nzima

Leo nimeshindwa ubishi kwenye gereji moja hapa Kimandolu, na ninashukuru.

Wiki nzima nimewashambulia humu kundini mnaopinga rejeta nene. Leo nikaenda kuinunua. Jumamosi binti yangu Neema anaingia mashindanoni na gari letu la michezo, na injini ilishachemka mara moja.

Mama Ndekirwa, fundi wa rejeta, akaijaribisha kwanza kwenye gari. Feni ikakosa nafasi.

"Baba Neema, feni utaishika mkononi?"

Nikaanza hotuba. (Mnanijua.)

"Vitabu umesoma. Sasa pima nafasi ya feni."

Nikapima. Nafasi haikutosha; nikamrudishia rejeta nene.

Akanifungia nyembamba, feni ikaingia. Tumepanda mlima hadi Oldonyo Sambu, mshale wa joto umetulia palepale.

Mama, asante. Umeniokolea injini.

Niliowatukana, njooni mnicheke. Neema keshaanza.