Hamu Iliyomtoka Kaka

Kaka yangu alikuwa akimaliza pakiti nzima ya sigara kwa siku, na siku ya kupakia maharage alizidisha. Alikuwa kuli wa malori pale Kasulu. Mwaka 2012 lori alilopanda juu ya magunia lilipinduka kwenye kona ya barabara ya Kibondo, akatua kwa kichwa. Alilala hospitali wiki tatu. Aliporudi alitembea, aliongea, alitutambua sote. Ila sigara hakuigusa tena.

Mimi nilikuwa nimejaribu kuacha mara nne. Siku ya tatu nagombana na mtu kwa sababu ya benchi. Nikamuuliza, "Kaka, umeachaje?"

"Sijaacha. Sizitaki tu."

"Hata ukinusa?"

"Ni moshi."

Mama alipiga vigelegele. Jumapili kanisani kwake walimsimamisha mbele atoe ushuhuda. Mchungaji akamuuliza ni nani aliyemfungua. Kaka alinyamaza mpaka mama akajibu kutoka kwenye benchi, "Yesu!" Watu wakaimba. Jumapili iliyofuata wavutaji watatu tuliletwa tumshike mkono ili na sisi tufunguliwe. Nilimshika kwa nguvu zangu zote. Ibada haijaisha, nilikuwa nyuma ya choo cha kanisa nawasha.

Aliyegundua kasoro kwanza ni shemeji, mke wake. Ukimpa kaka chakula anakula, usipompa anakaa. Mvua ikimkuta uani inamnyeshea. Binti yao alipolazwa kwa malaria, hakuuliza yuko wapi.

Shule niliiacha darasa la tano, lakini maswali hayakuniacha, nikamfuata tabibu aliyemhudumia.

"Ubongo una mahali pake pa kutaka," alisema. "Pakiumia, kuna wanaotokwa na hamu ya sigara bila hata kuihangaikia. Wengine huvuta mara mbili ya zamani. Wa kwenu naona imetoka na mengine."

"Yanarudi?"

Akatazama foleni mlangoni. "Mwingine aingie."

Kiangazi kilichofuata shemeji alifunga nguo zake kwenye kitenge. Kwao ni Rungwe Mpya. "Shemeji, mimi sikimbii ugonjwa," aliniambia. "Akiomba kitu kimoja tu kwa mdomo wake, hata maji, nabaki. Nasubiri mpaka jioni."

Maji hakuomba. Nikawaza kwamba sigara aliipenda kuliko alivyotupenda sisi, na kama kuna kitakachotangulia kurudi ni hiyo. Nikanunua tatu za aina yake ya zamani, nikaketi karibu naye. Ya kwanza nilivuta nikimpulizia moshi usoni. Zamani usingefika nusu kabla hajakunyang'anya.

"Kaka, tamu hii."

"Eeh."

Ya pili nilimwekea gotini pamoja na kiberiti. Ikaanguka, hakuiokota. Ya tatu niliiwasha nikamtia mdomoni. Akaishika, akavuta vizuri kabisa, bila kukohoa, na moto ulipofika kwenye vidole hakuitupa. Niliitoa mimi.

Shemeji akatokea na furushi kichwani. "Ameomba?"

"Ameomba sigara," nikasema.

Alitazama kile kipisi mkononi mwangu, kisha akamtazama mumewe. "Amesemaje?"

"Amesema, nipe moja."

Akaketi kizingitini akalia, halafu akaingia ndani kufungua furushi. Kaka alikuwa anatazama barabara.

Siku mbili baadaye niliondoka. Nilibeba mahindi Kibondo, nikashinda Manyovu nikishusha mizigo ya watu wa mpakani, popote pasipokuwa nyumbani. Nilirudi mwaka 2015. Binti alikuwa ameshahamia kwa bibi yake. Shemeji alikuwa amekonda. Kila mchana alinunua sigara moja dukani, akaiwasha mwenyewe huku ikimkohoza, maana hajawahi kuvuta, akaiweka kwenye vidole vya kaka. Kisha alikaa mbele yake akimwangalia mdomo.

Hata begi sijashusha, akaniuliza, "Shemeji, siku ile alisemaje? Maneno yenyewe."

"Alisema, dogo, washa na yangu."

Akaondoa macho kwenye mdomo wa kaka.

"Mwanzo uliniambia alisema, nipe moja."

Nikashusha begi.

"Labda aliyasema yote mawili," akasema, akapangusa majivu kwenye goti la mumewe.