Kidonge cha Pili

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la wagonjwa, katika kituo kimoja cha afya huku Shinyanga. Mama mmoja wa makamo alisimama foleni nzima ingawa nafasi ya kukaa ilikuwepo, kiunoni kajifunga kanga mbili. Zamu yake ilipofika, mganga, kijana wa umri wa mwanawe, aliisoma kadi yake mlango ukiwa wazi.

"Unakunywa vidonge vya akili. Shida nini?"

Mama akainama, akanong'ona. Mganga hakunong'ona.

"Unajikojolea? Tangu lini?"

"Tangu mliponianzishia hivi vidonge, daktari. Wakati wa wazimu wenyewe nilikuwa nalala pakavu."

Benchini wakacheka. Mganga akatikisa kichwa.

"Mtu mzima akijikojolea, ujue wazimu umerudi," akasema, akaandika vidonge viwili badala ya kimoja.

Mama akaipokea kadi kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru.

Nimekereka wiki nzima, hata na nafsi yangu, maana sikufungua mdomo. Pale alikuwepo mtu mmoja tu aliyefikiri sawasawa, na ndiye aliyeongezewa dawa ya akili.