Wimbo wa Tatu, Ukumbi wa Panda

Bibi yangu, mke wangu wa ndoa, alituma neno kwa dada yangu: atakuja Jumapili kunisikiliza nikiimba parokiani, kisha atasema kama anarudi nyumbani au anabaki Kakanda kwa wazazi wake. Miezi saba alikuwa huko, na mimi miezi saba nilikuwa nakula bukari, ugali wetu, kwa dada yangu na kujifanya mzima.

Tulikuwa tumempoteza mtoto wetu wa pekee, msichana wa miaka minne. Malaria, siku tatu tu. Kwenye kilio wanawake walikaa chini pamoja na bibi yangu ndani ya nyumba, na sisi wanaume tukawa nje kwenye viti. Mimi hata kukaa sikukaa. Nilihangaika na jeneza, na maturubai, na maji ya kunywa, na nani amefika, na nani hajala. Sikutoa chozi. Nilidhani ndivyo mwenye nyumba anavyofanya, pumbavu mimi. Kilio kilipoisha nikaanza kwenda nyuma ya nyumba kila jioni kupuliza harmonika, kinanda kidogo cha mdomo nilichoachiwa na mjomba aliyefanya kazi migodi ya Zambia, ambaye ndiye aliyenifundisha blues, zile nyimbo za huzuni za Wamarekani weusi. Bibi yangu alinisikia kupitia ukuta. Siku moja akafunga nguo zake kwenye kitenge, na mimi nikamwambia aende salama.

Basi Jumapili hiyo, baada ya misa ya pili, nikasimama mbele ya watu katika ukumbi wa parokia ya Panda, peke yangu na kile kichuma mkononi. Walikuwepo wazee wa kambi ya wafanyakazi na ba mama wa kwaya, wengi wao na njaa ya mchana. Mzee mmoja aliyemaliza ujana wake kiwandani akauliza kwa sauti, "Na gita iko wapi?" Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Blues kwenye harmonika inataka kuvuta pumzi ndani kuliko kupuliza, na mimi pumzi sikuwa nayo. Wimbo wa kwanza niliuharibu kabisa. Wa pili niliimba macho yakiwa mlangoni, nikiomba Mungu amlete, na katikati yake akaingia, akakaa benchi la nyuma, pochi mapajani.

Wimbo wa tatu ndio niliomtungia. "Nikitoka kazi, nani atanifungulia mlango," nikaimba, na mstari huo huimbwa mara mbili. Mara ya pili ba mama wa kwaya wakaupokea, polepole, jinsi wanavyopokea kwenye kilio. Hapo nikashindwa. Machozi niliyoyazuia tangu kilio yakaja yote, na kamasi juu yake, mbele ya parokia nzima. Na niseme ukweli, hata kama unaniaibisha: nikiwa nalia, nilifungua jicho moja kuangalia kama ananiona. Alikuwa ananiona. Nikajiambia, yamekwisha, leo tunarudi wote. Watu walisimama wakapiga makofi.

Nilimkuta nje, amesimama karibu na ukuta. Tangu mtoto azaliwe alikuwa akiniita Papa, nami nikimwita Mama. Siku hiyo hakuniita hivyo.

"Kumbe weye unajua kulia," akasema.

"Ni juu ya mutoto yetu, Mama. Na juu yako."

"Minye nilikuwa pale chini siku tatu, nilikungoya uingie ulie na minye. Hukuingia. Leo umelia mbele ya bantu, na bantu banakupigia makofi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana, ningejua pa kushika. Macho yangu yalikuwa yamekauka tena. Akayatazama hayo macho.

"Siwezi kulala nyumba moja na weye," akasema, kisha akakaza kitenge kiunoni akashika njia ya kwenda kutafuta gari la Kakanda.

Ndani walikuwa wananiita, wanataka ule wimbo tena. Alikuwa bado hajafika kwenye kona. Ningeweza kumkimbilia. Nilirudi ndani, nikasimama mbele yao, na kwenye mstari ule wa mlango nikalia tena.