Mtu wa Mwisho Kumwona Juma

Asubuhi ile nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwetu, Uvira ya Congo, na nilikuwa nimekasirika kwa sababu kinu kilikuwa kimepasuka chini. Mtoto wangu Juma akaingia na mgeni mweupe, pua imeungua jua, begi begani, kamera mkononi.

"Mama, huyu anaitwa Nabil. Ni mtu wa habari. Atalala kwetu."

"Anakula nini?"

"Kila kitu."

"Wote husema hivyo siku ya kwanza."

Alikula bugali na sombe, akala ndakala, dagaa wetu wa ziwani, na vichwa vyake, akaomba tena. Nikamkubali. Watu wa mtaa walimwita Mwarabu. Yeye akasema, Juma akifasiri, kwamba ni Mpalestina, kazaliwa kambini, na baba yake amekulia kambi hiyohiyo. Nikamuuliza ni kambi gani hiyo isiyokwisha. Akacheka tu.

Juma alikuwa amesoma Kiarabu kwa mashehe wa Bujumbura, na televisheni aliyofanyia kazi Nabil ilikuwa ya Kiarabu. Ndipo wakapatana. Juma alimfasiria, alimbebea vyuma vya kamera, alimwombea bei nzuri sokoni. Mshahara ulikuwa mzuri na mke wake Furaha alikuwa na mimba kubwa, kwa hiyo sikusema kitu. Lakini tangu siku ile nilikuwa na hofu moja tu, kwamba kazi ya kwenda mahali watu wanapokimbia itamla mtoto wangu.

Kilichonifanya nimwamini Nabil ni ndoo. Siku ya kwanza risasi ziliposikika kule milimani, wanahabari wengine waliokuwa mjini walikimbilia kamera zao. Nabil alikimbilia maji. Alijaza kila chombo nilichokuwa nacho, hata sufuria ya pilau ya harusi, hata beseni la kuogea. Alipomaliza ndipo akachukua kamera. Nikamwambia Furaha, huyu vita amevijua tangu tumboni mwa mama yake.

Vikundi vilikuwa vingi, vyote vina majina ya herufi, na kila kimoja kilisema kimekuja kutuokoa. Sitaviandika hapa. Kwangu vilikuwa kitu kimoja: mtu mwenye bunduki anayetaka mbuzi wako.

Walipoingia mjini ilikuwa mchana kweupe, watu wako sokoni.

Soko likawaka.

Nilimshika Furaha, tukalala chini ya kitanda cha mbao. Tumbo lake lilikuwa kubwa hata kitanda kikainuka. Tulisikia viatu uani. Mtu akafungua mlango, akaangalia, akachukua redio, akaenda.



Baadaye Juma na Nabil wakaja. Mashati yao yalikuwa na damu ya watu wengine. Nabil alikuwa na picha za soko ambazo hakuna mwingine aliyezipata. Zilitakiwa zifike Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, jioni ileile, maana kituo chake kilikodi saa ya setilaiti ya kurushia picha, na saa hiyo ikipita, imepita.

Nilimkamata Nabil mkono. Nikamwambia, "Sina mtoto mwingine." Juma alifasiri huku anaona haya. Nabil akaweka kiganja kifuani, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama Juma, mimi rudisha yeye."

"Mama, niko naenda," Juma akasema. "Kesho asubuhi niko hapa. Usimgombeze Furaha."

"Nimgombeze kwa nini?"

"Weye unajijua."

Wakapanda pikipiki, Juma nyuma na begi la vyuma mapajani.

Asubuhi hakuja. Mchana hakuja. Bomu likaanguka kwa jirani, tukaondoka kwa miguu kufuata ziwa, mimi, Furaha na tumbo lake, godoro tumeliacha, sufuria tumeiacha. Tulivuka ziwa kwenda Kigoma, Tanzania, pamoja na watu wengi. Mariamu alizaliwa kambini, chini ya turubai. Alitoka analia kwa sauti kubwa, na nikajua huyu ataishi.

Kambini niliuliza kila aliyetoka Uvira. Umemwona Juma wangu? Hakuna aliyemwona, hai wala maiti. Hapo ndipo shida yetu ilipoanza. Kwetu matanga hayawekwi mpaka mtu mmoja aseme, nimeona. Nimeona kaburi, nimeona maiti, nimeona anaanguka. Bila mtu huyo unakaa na mkeka umekunjwa. Furaha hakuwa mke, hakuwa mjane. Na aliyeweza kusema alikuwa mmoja tu, yule aliyeondoka naye na pikipiki.

Huyo nilianza kumwona kwenye televisheni.

Mara ya kwanza ilikuwa kambini, kwenye kibanda cha video. Walionyesha soko letu likiwaka, na sauti ilikuwa ya Nabil. Juma hakuonekana hata kivuli. Baadaye, tulipoletwa Birmingham, Uingereza, kama wakimbizi, nilimwona tena na tena. Leo yuko vita hivi, kesho vita vile, kofia ya chuma kichwani, pua ileile. Nywele zikaanza mvi. Kisha akavaa tai, akawa anakaa ndani ya studio na kuuliza mawaziri maswali hadi jasho liwatoke. Kisha akapotea kwenye kioo. Nikadhani amekufa. Mjukuu wangu Mariamu akatafuta kwenye simu yake, akaniambia hapana, Tate, amekuwa mkubwa wa kituo chote, na mkubwa wa habari haonekani kwenye habari.

Mariamu ananiita Tate, kama tunavyowaita bibi zetu kule. Ni nesi. Nasema tena, ni nesi, hapa Uingereza, mtoto wa chini ya turubai. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na tunaelewana vizuri kuliko watu wengi wenye lugha moja.

Sisi watatu tunakaa mtaa wa Castle Vale. Furaha anatunza wazee kwenye nyumba moja kule Erdington. Ni kwenye basi la kazini ndiko alikofahamiana na Papa Idi, Mkongo mwenzetu, dereva, anakaa Great Barr, mke wake alifariki zamani. Mtu mnene, anacheka kabla hajamaliza kusema. Alianza kutuletea samaki. Nikamuuliza siku moja, "Papa Idi, sisi tunaonekana tuna njaa?" Akasema, "Hapana Mama, mimi ndiye nina njaa." Furaha akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika chochote.

Shehe wa msikitini alishasema miaka imetosha, zaidi ya kutosha, Furaha anaweza kuolewa. Furaha alikataa. Kila akiulizwa, alisema neno moja, bado. Nami nilimsifu kwa watu. Nilisema, mnaona mkwe wangu, anangoja mtu wa kusema ameona.

Basi Mariamu akaja na habari kwamba Nabil anakuja Birmingham. Chuo kimoja kimemwalika azungumze juu ya kazi yake, mtu yeyote anaweza kuingia. Nilivaa kitenge changu kizuri. Tulipanda treni Erdington, sote watatu.

Alizungumza muda mrefu. Mariamu alinifasiria sikioni: mwandishi ni mtu anayesema alichoona, na asichoona hakisemi, hata akilipwa, hata akitishwa. Watu wakapiga makofi. Kipaza sauti kikapitishwa kwa wenye maswali. Vijana waliuliza maswali marefu. Kikapita karibu yangu, nikakichukua.

"Nabil," nikasema kwa Kiswahili. "Ni mimi, Mama Juma wa Uvira."

 Wengi walidhani ni mwanamke amechanganyikiwa, nikamwona kijana wa mlangoni anaanza kuja. Nabil alisimama. Alishuka ngazi za jukwaa taratibu, kama mtu anayeshuka gizani, akaja akapiga goti mbele ya kiti changu na suti yake ile. 

Walitupa chumba kidogo chenye chai na biskuti. Nabil alisema Kiingereza, Mariamu akafasiri. Kazi ya baba yake, Juma. Alikuwa hajawahi kuifanya, na siku ya kwanza ndiyo hiyo.

"Mtoto wangu ulimwacha wapi?"

"Kwenye kizuizi cha mpaka, upande wa Congo. Juma hakuwa na karatasi ya kuvuka. Maaskari walinikubali mimi, yeye wakamkatalia. Saa ya setilaiti ilikuwa imekaribia. Akaniambia, nenda, nitakungoja hapa."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Picha zikatoka. Asubuhi nikarudi, mpaka umefungwa, bonde zima linapigana. Nilituma watu wamtafute. Mmoja akasema amepandishwa lori. Mwingine akasema ameonekana anatembea kwenda milimani. Mwingine akasema kuna watu wamelala mtaroni. Niliwatafuta ninyi pia. Uvira waliniambia nyumba ni majivu, nikajua mmekufa."

"Wewe ulimwona amekufa?"

"Hapana."

Nilikuwa nimengoja jibu hilo tangu Mariamu hajazaliwa, na hapakuwa na kitu ndani yake. Yule niliyedhani anajua alikuwa hajui, sawa na mimi.

Nikamgeukia Mariamu. "Mwambie aseme ameona."

"Tate, no."

"Mwambie. Aseme alimwona mtaroni. Neno moja tu, mbele ya Furaha, halafu aende na tai yake. Amesema mbele ya dunia nzima, atashindwa kusema mbele ya mwanamke mmoja?"

Mariamu alimwambia, macho chini. Nabil alikunja mikono. 

"Mama Juma," akasema, "niombe kitu kingine chochote. Sikumwona. Nikisema nimemwona, nitakuwa nimemuua mimi."

"Umemwacha, huwezi kumuua?"

Hilo Mariamu hakulifasiri. Nadhani alilielewa hata hivyo.

Furaha alisimama. Aliweka kikombe chake mezani. "Mama, mwache," akasema. "Inatosha. Twende nyumbani."

Tulikaa kwenye treni tukitazama nje. Furaha akaanza kusema bila kunitazama.

"Mama, mimi sikuwa nangoja mtu wa kusema ameona."

"Ulikuwa unangoja nini basi?"

"Nilikuwa nakungoja weye. Kila shehe aliposema, ulikuwa unageukia ukuta. Ningesemaje, nataka kuolewa, na weye bado unamwekea Juma sahani?"

Ni kweli, sikukuu nilikuwa namwekea. Sikujua kama mtu anahesabu sahani. Abiria mmoja alikuwa anatutazama. Nikamtazama mpaka akageuka.

Tuliweka matanga Ijumaa iliyofuata, bila mtu wa kusema ameona. Walikuja Wakongo, Watanzania, Wakenya wawili wa kazini kwa Mariamu ambao ni Wakristo, wakakaa chini na vitambaa kichwani kama wengine. Papa Idi alileta viti, akavipanga, akaenda kusimama nje pamoja na wanaume, hakuingia chumba alichokaa Furaha. Hilo nililiona. Shehe alisoma, akasema marehemu Juma, na watu wakaitikia marehemu Juma. Mimi mdomo haukufunguka. Nililia bila neno hilo.

Furaha akakaa eda, ingawa shehe alisema halazimiki. Alisema anataka kuikaa, basi.

Watu huniuliza kama namchukia Nabil. Mariamu ndiye anauliza zaidi. Nabil alinipigia simu mara mbili, akazungumza na Mariamu juu ya baba yake, jinsi alivyokuwa anaimba kwenye pikipiki, jinsi alivyokuwa mwongo wa bei sokoni. Mtoto alicheka, kisha akalia, nami nilifurahi kumsikia anapata hivyo viwili. Picha za soko zilionekana dunia nzima. Nimeambiwa bunduki zilinyamaza kwa siku chache kwa sababu yazo. Siku chache ni kitu, kuna watu walivuka katika siku hizo, huenda na sisi tulivuka katika siku hizo. Nabil alipanda ngazi kwa picha hizo, na alipanda kwa nguvu zake, simnyimi. Mtoto wangu alibaki kwenye kizuizi, ana begi la vyuma, anangoja. Nikiweka hili hapa na lile pale, siwezi kusema lipi zito. Nalijua langu tu.

Eda ilipokwisha nilimpigia simu Papa Idi mwenyewe. Nikamwambia, "Acha kuleta samaki. Leta wazee."

Walikuja Jumamosi, wazee watatu wa Great Barr na makoti yao, wakala wakashiba, wakafuta midomo. Mkubwa wao akasema wamekuja kuomba mke katika nyumba hii, na wangependa kujua anayeombwa ni nani na anasimamiwa na nani. Papa Idi alikuwa hacheki. Furaha alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nilikiona kivuli cha miguu yake chini.

Nilisema, "Anasimamiwa na mimi. Anaitwa Furaha. Ni mjane wa mtoto wangu, marehemu Juma."