Alijaza matangi ujanani, leo ayasaka chini ya nyasi

Ni Alhamisi asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, na Carmine Iannuzzi anatembea taratibu uani kwa Bi Filomena Tartaglia mjini Belleville, New Jersey. Mkononi ana mashine ya kutafutia chuma. Anapiga hatua, anasikiliza, anapiga nyingine. Mashine iko kimya.

Kwenye kizingiti cha jikoni amesimama mwenye nyumba, bibi wa miaka themanini na minne, mikono kiunoni.

"Unajichosha bure, mwanangu," anamwambia. "Tangi liling'olewa zamani. Marehemu mume wangu Gaetano alisimamia mwenyewe."

"Ndiyo, Mama. Namalizia tu."

Huyo "mwanangu" ana miaka sitini na sita na goti moja la bandia. Kazi yake ni kukagua nyua za nyumba zinazouzwa, kuona kama chini kumezikwa tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto. Zamani kila nyumba ya mtaa huu ilikuwa nalo. Gesi ilipokuja, watu walikata bomba, wakafukia, wakapanda majani juu, wakasahau.

Lakini chuma kikikaa ardhini kinaoza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangi likivuja, anayechimba ni mwenye nyumba, na uchimbaji waweza kula nusu ya bei ya nyumba yenyewe.

Bi Tartaglia anataka kuuza ili akaishi na dada yake Assunta, anayekaa peke yake ufukweni kule Toms River na macho yamekwisha. Wanunuzi wamepatikana, mume na mke vijana, na wamesema wazi: pakiwa na mafuta ardhini, wanaondoka. Assunta anapiga simu kila siku kuuliza dada yake anakuja lini.

Kinachomchoma Carmine ni kwamba tangi hili analijua. Alilijaza yeye. Baba yake alikuwa na lori la kijani la kuuza mafuta, na Carmine, kijana mwenye nywele nyeusi tele, ndiye aliyekuwa akivuta mpira wa kupitishia mafuta kutoka barabarani.

"Tangi likiwa linajaa lilikuwa linapiga mluzi," anakumbuka, akicheka. "Mluzi ukikatika, unafunga haraka. Ukichelewa, umemwagia mtu bustani. Sasa huyu mama, siku za Ijumaa za Kwaresima, ananitokea na mkate wa pilipili hoho na mayai. Nakula, nasikiliza mluzi. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na mke wangu asisome hapa."

"Ulikuwa mlafi," anadakia Bi Tartaglia. "Na baba yako alininunia mwaka mzima tulipoingiza gesi."

"Alikununia mpaka anakufa, Mama."

Lori la kijani liliuzwa kwa wauza vyuma chakavu, na waliokuwa wakimpungia Carmine mkono madirishani wengi wamekwisha kwenda.

Anafika pembeni, karibu na mzabibu. Hapo pana sanamu ya Bikira Maria, imesimama ndani ya hodhi la kuogea la chuma lililozikwa nusu wima na kupakwa rangi ya buluu. Mtaa huu hauoni ajabu kwa hilo. Hodhi kuukuu halitupwi, linapewa Bikira. Mashine inapiga kelele.

"Ni hodhi hilo," anasema bibi upesi.

"Inawezekana. Lakini mpira wangu ulikuwa unaishia hapa hapa, Mama. Na sanamu haikuwepo."

"Si uandike kwamba hapo hapapimiki?"

"Nikiandika hivyo, wale vijana watakimbia kabla hawajafika kwenye nukta."

Bi Tartaglia anaitazama sanamu, kisha anajifuta mikono kwenye aproni. "Haya. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini mkimwangusha Mama wa Mungu, msinisemeshe tena."

Mwandishi huyu aliambiwa aweke kalamu mfukoni na kushika sanamu upande wa miguu; kisha hodhi nalo likang'olewa. Chini ya hodhi palikuwa na bamba la saruji, na chini ya bamba, bomba lenye kifuniko. Bibi alikaa kwenye ngazi. "Alinidanganya," alisema. "Gaetano alinidanganya."

Carmine alifungua kifuniko na kuingiza fimbo. Haikuzama hata kidogo. Alipoichomoa, ncha yake ilikuwa kavu.

"Mchanga," alisema. "Limejazwa mchanga mpaka juu."

Bibi aliomba aone. Carmine alimchotea kidogo, naye akausugua kati ya vidole, kisha akaanza kulia. Kiangazi kimoja, alieleza, alirudi kutoka kumuuguza Assunta aliyekuwa amejifungua, akakuta mchanga umemwagika hadi kwenye ngazi. Mumewe akasema anajenga uwanja wa kuchezea bocce, ule mchezo wa Kiitalia wa kuvingirisha matufe. Uwanja haukuonekana. Tangu hapo, kila Krismasi, mbele ya wageni, bibi alimtania mumewe: jamani, huyu ndiye mwenye uwanja usioonekana.

"Alikuwa anacheka tu," alisema. "Angeniambia, ningemlazimisha aite fundi. Na yeye hakutaka fundi aguse kwake."

Carmine alimweleza kazi hiyo ilivyo: unakata tangi juu, unaingia ndani kwa tumbo, unafuta mafuta kwa matambara, ndipo unajaza. "Mama, mtu alijizika mzima kule chini kwa ajili ya nyumba hii."

Hata hivyo mchanga si ushahidi kwamba tangi halikuwahi kuvuja. Alichota udongo kuzunguka tangi, akaupeleka maabara, na bibi hakumpa raha kwa simu. Majibu yalitoka wiki iliyofuata: udongo safi. Nyumba imeuzwa, na Assunta ameshatandika kitanda cha pili. Kabla ya kuondoka, Bi Tartaglia alipelekwa makaburini na Carmine. "Nilimwambia tu, Gaetano, uwanja wako nimeuona," anasema.

Carmine mwenyewe anaishi katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, muuza mafuta. Je, uani kwake amekwisha kupima? Anaona haya. Hapana. Baba yake alikuwa akisema ameshalishughulikia tangi la hapo nyumbani, naye Carmine hakumwamini. Walikosana hadi mzee akafa, na tangu hapo kijana wake ameogopa kuangalia.

"Jumamosi napima," anasema. "Nikikuta mafuta, nitachimba, basi. Nikikuta mzee alisema kweli, nami nina kaburi la kwenda kuomba radhi."